MGB Kwenye Msongamano wa Kongowea

Jumatatu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa nimeshalipita soko la Kongowea. Saa moja kasorobo, Daraja la Nyali likiwa mbele ya macho yangu, mshale wa joto la maji ulipanda hadi mwisho na mvuke ukaanza kutoka pembeni mwa bonneti. Mbele yangu lori la saruji, nyuma yangu matatu, kushoto tuktuk zimebanana, na hapana aliyekuwa akisogea. Nikazima injini. Makanga wawili wakashuka kunisaidia kusukuma hadi kando. Mmoja ameniuliza, "Mzee, hili gari paa lake liko wapi?" Nimemwambia halina. Amesema pole.

Shuleni nimefika kipindi cha pili kimeshaanza.

Gari lenyewe ni zima. MGB hii iliundwa Abingdon, Uingereza, mwaka 1965, na feni yake huzungushwa na mkanda unaotoka kwenye injini. Injini ikienda mbio, feni inaenda mbio. Injini ikinguruma polepole kwenye msongamano, feni nayo inazunguka polepole, saa ileile ambayo rejeta inahitaji upepo zaidi. Waliolibuni walifikiria barabara za mashambani na hewa baridi. Mimi naishi Kisauni, nafundisha kisiwani, na huu ni mwezi wa pili, jua la kaskazi linaunguza tangu alfajiri. Nataka gari hili linipeleke kazini kila siku. Kwa hiyo nitalifungia feni ya umeme.

Jumanne

Fundi wa umeme wa Majengo ameinua bonneti, akatazama kimya, kisha akasema: "Feni nakufungia leo, Mwalimu. Kesho kutwa utaniletea betri."

Ana haki. Dainamo ya gari hili ni Lucas C40, na ikijitahidi kabisa hutoa ampea 22. Injini ikinguruma mahali pamoja, karibu haitoi kitu. Feni ya umeme itahitaji umeme hasa wakati huo. Kwa hiyo feni inadai alteneta. Alteneta nayo inadai waya hasi wa betri ufungwe kwenye bodi, maana ndivyo alteneta za leo zilivyo. Na gari langu, sawa na MGB zote zilizoundwa kabla ya mwisho wa 1967, chanya ndiyo iliyofungwa kwenye bodi. Ukigeuza betri, sharti ugeuze na koili, na kipimo cha mizunguko ya injini pia.

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na ndipo mimi ninapoipenda kazi hii zaidi. Hakuna kipuri kinachoingia peke yake. Kila kimoja kinakuuliza juu ya kingine, nawe ukijibu vizuri unalijua gari lako kuliko aliyekuuzia. Nairobi kuna maonyesho ya Concours d'Elegance, yalianza mwaka 1970, ambapo magari ya zamani hupangwa kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong yaking'aa kama siku ya kwanza. Nawaheshimu sana wenye magari hayo. Langu lina kazi saa moja asubuhi.

Tumeanza na betri. Zilikuwa mbili za volti 6, nyuma ya viti, kila moja kwenye kijisanduku chake chini ya sakafu. Betri za volti 6 Mombasa ni za kutafuta kwa tochi. Tumeweka moja ya volti 12 na kijisanduku cha pili kimebaki wazi. Jioni injini imewaka, alteneta inachaji, feni inavuma. Mshale wa mizunguko umelala kwenye sifuri.

Jumatano

Kipimo nimekipeleka kwa fundi saa wa Mji wa Kale, kwa kuwa yeye ndiye mwenye mikono ya kazi ndogo. Amekifungua juu ya kitambaa cheupe. Nyuma ya kipimo kuna waya mweupe wa mfumo wa moto, unazungushwa kitanzi na kurudi zake. Kipimo huhesabu mapigo ya umeme yanayopita hapo. Ndani amebadilisha nyaya mbili mahali pake, nje tumegeuza kitanzi. Hakutaka pesa mpaka aone kinafanya kazi. Nimemchukua hadi Makadara na kumrudisha. Mshale umepanda na kushuka kila nilipokanyaga mafuta, naye amecheka njia nzima.

Alhamisi

Bolti za gari hili ni za inchi. Spana za gereji ni za milimita. Mara moja moja unapata bahati: spana ya 19 inaingia kwenye nati ya robo tatu ya inchi bila ugomvi, kwa kuwa robo tatu ya inchi ni milimita 19.05. Lakini nusu inchi ni milimita 12.7. Spana ya 12 haiingii, ya 13 inaingia ikicheza, na ukiweka nguvu inakula pembe. Leo imekula pembe za bolti ya kushikilia alteneta, ambayo ilihitaji kukazwa mkanda tu. Kijana wa gereji amebaki na spana mkononi akikitazama kichwa cha bolti kilivyogeuka duara.

Bolti imetolewa kwa patasi na nyundo, kazi ya adhuhuri nzima. Nimenunua seti ya spana za inchi na kuiacha gereji, imefungwa kwa kitambaa chekundu ili isichanganyike na nyingine.

Jumamosi

Nililiegesha chini ya mkungu nje ya nyumba, paa wazi. Kunguru ameacha kichwa cha changu kwenye kiti cha dereva.

Viti vya awali vilikuwa vya ngozi halisi. Hivi vya sasa fundi wa viti amevivisha ngozi ya plastiki, nyeusi yenye mshono mweupe. Nimeosha kwa sabuni ya kipande na ndimu na harufu imeondoka yote. Ngozi halisi ingeinywa ile harufu ikae nayo hadi Ramadhani.

Jumatatu

Kwenye tuta lililo karibu na lango la shule, mlango wa abiria umefunguka wenyewe. Nimeufunga. Kwenye tuta la pili umefunguka tena, na begi la vitabu vya kusahihisha limetoka.

Jioni nimepita kwa fundi bodi. Hakuugusa mlango. Amepiga magoti, akashika bisibisi, akaichoma chini ya mlango kwenye kizingiti. Bisibisi imeingia hadi kwenye mpini. Alipoichomoa, unga wa kutu umemwagika mchangani, mwekundu kabisa, na ndani yake vipande vya rangi ya zamani vimejikunja.

MGA iliyotangulia ilikuwa na chesisi yake kando na bodi. MGB haina, bodi ndiyo chesisi. Na gari lisilo na paa ni kama sanduku lililong'olewa kifuniko: nguvu zote zimebaki kwenye kuta za chini. Kuta hizo ni vizingiti viwili, kimoja kila upande, vilivyoundwa kwa mabati ya tabaka tabaka yaliyoshonwa pamoja. Kizingiti kikila kutu, gari linapinda katikati, na wa kwanza kukuambia ni mlango. Pwani yetu, na chumvi hii ya baharini, huharakisha mambo.

Fundi alikuwa ameshachukua mashine ya kukatia. Nimemwomba asikate hata kidole kimoja kabla ya kuchomelea vyuma viwili kuvuka kila nafasi ya mlango, kutoka upande wa bawaba hadi upande wa kitasa. Ukikata kizingiti bila kuishikilia bodi, inashuka, na ukishachomelea bati jipya umeipinda moja kwa moja. Milango haitafunga tena maisha. Amenisikiliza. Tumepima nafasi za milango juu na chini, akaandika vipimo kwa chaki ukutani, akachora na duara kuvizunguka ili vijana wasivifute.

Mabati ya kuchomelea nimeagiza Uingereza. Hili ni jambo moja la kushukuru katika gari hili. Kuanzia 1962 hadi 1980 ziliundwa zaidi ya nusu milioni, ukihesabu na zile za GT zenye paa la bati, na mwaka 1988 British Motor Heritage walianza tena kutengeneza bodi nzima za MGB wakitumia kalibu zilezile za kiwandani. Bati linalokuja lina mikunjo ileile ya lile lililooza.

Hadi lifike, napanda matatu.

Ijumaa

Sanduku la mabati limefika na ushuru umelipwa. Vizingiti viwili, vyote vya kushoto.

Muuzaji amejibu kwa adabu na kusema cha kulia kitatumwa. Fundi ameanza na upande tulionao. Nimekaa kwenye kibao nikimtazama akichomelea, nukta moja hapa, nukta nyingine kule mbali, ili joto lisilivute bati. Baada ya kila nukta anagusa kwa kiganja kuona limepoa kiasi gani. Kazi ya namna hii hailipiki kwa saa, nami nimemlipa kwa upande.

Jumatano

Gari limerudi, kizingiti cha kulia nacho kimeshachomelewa. Milango yote miwili inafunga kwa kidole, na mlio wake ni mmoja tu, mfupi.

Trafiki wa Kengeleni amenisimamisha. "Mzee, indiketa yako haipepesi." Kweli. Ilikuwa inawaka moja kwa moja kama taa ya barazani. Siku ambayo gari lilikuwa gereji fundi wa umeme aliweka balbu za LED pande zote, nami nilizitaka, kwa kuwa jua la mchana huzimeza zile za zamani na mwenye lori hazioni. Lakini kidude cha kupepesa ni kile cha zamani: ndani yake kuna waya mwembamba unaopata moto umeme unapopita, ukirefuka unakata umeme, ukipoa unaunganisha tena. Balbu ya zamani inakula wati 21. Ya LED inakula kidogo mno, waya haupati moto, na taa inabaki imekodoa macho.

Nimemweleza trafiki haya yote. Amesikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia nitoe mkono dirishani. Gari halina dirisha lililopandishwa wala paa, kwa hiyo nimetoa mkono tu, na hivyo ndivyo nilivyokata kona zote hadi shuleni.

Jioni tumeweka kidude cha kielektroniki. Kinataka hasi kwenye bodi, na hiyo tunayo tangu siku ile ya feni.

Ijumaa

Saa sita kasoro, nikielekea msikitini, gari limezimika Buxton. Halikukohoa, halikusita, moto umekatika kama uliofungwa kwa swichi. Petroli ipo, betri ina nguvu.

Ndani ya distributa tuliondoa pointi na kondensa na kuweka mfumo wa kielektroniki usiohitaji kurekebishwa. Wapita njia walioinama nami juu ya injini walikubaliana wote kwamba ndio uliokufa, kwa sababu ndio mgeni. Nikachomoa waya mkubwa wa koili, nikausogeza karibu na kichwa cha rota, nikamwomba kijana wa bodaboda azungushe ufunguo. Cheche imeruka kutoka kwenye waya ikaingia kwenye rota. Rota nzima haipokei cheche hivyo. Maana yake umeme umetoboa plastiki yake na kupita kwenye mhimili hadi kwenye bodi, hauendi kwenye plagi.

Rota hiyo ilikuwa mpya. Ilikuja na kifuniko kipya cha distributa, imeng'aa, ya bei ndogo. Kwenye kopo la maziwa ya unga ndani ya buti naweka kila kitu cha zamani nilichokitoa kikiwa kizima, na humo mlikuwa na rota ya awali, imebadilika rangi kwa miaka. Nimeiweka. Gari limewaka kwa mzunguko wa kwanza. Kijana wa bodaboda amekataa pesa, akaomba apande hadi msikitini, kwa vile naye alikuwa amechelewa.

Nataka niliandike hili wazi, kwa kuwa naulizwa kila siku kama vipuri vya kisasa vinafaa. Kipuri cha kisasa na nakala mpya ya kipuri cha zamani si kitu kimoja. Feni ya umeme, alteneta, mfumo wa moto wa kielektroniki: hivi vilibuniwa upya na watu waliofikiria tatizo lenyewe, na havijaniangusha. Rota ile, na mipira mingi ya saspensheni inayouzwa leo, ni umbo la zamani lililotiwa malighafi dhaifu. Ukipata kipuri cha awali kilichotumika lakini kizima, kishike kwa mikono miwili.

Jumapili

Shemeji yangu, ambaye anafanya kazi kwenye gereji kubwa ya magari ya Kijapani, amekuja kula pilau na kunishauri nitoe kabureta niweke mfumo wa kupuliza petroli unaoendeshwa na kompyuta. Ana hoja. Kabureta zangu mbili za SU zimekaa juu ya bomba la moshi, na nikizima gari dakika kumi sokoni kisha nikataka kuliwasha, petroli ndani yake imeshachemka. Wiki hii nimekaa nje ya duka la mikate nikisubiri zipoe, mkate ukiwa moto mapajani.

Nimemfungulia bonneti nimwonyeshe. Kwenye SU kuna pistoni ya duara inayoinuliwa na mvuto wa hewa ya injini, na chini yake sindano iliyochongoka inayopanda na kushuka ndani ya tundu la petroli. Unapozidisha mafuta, pistoni inapanda, sindano inafungua nafasi zaidi. Nikaingiza kidole, nikainua pistoni. Imepanda taratibu, imeshikwa na oili iliyo juu yake. Nikaiachia. Imeshuka bila kushikwa, imegonga chini: tak. Mlio huo ukiusikia safi ujue kabureta ni nzima. Ukiwa mzito, kuna uchafu. Kwa bisibisi na sikio naweza kuitengeneza nikiwa kando ya barabara ya Malindi. Kompyuta siwezi. Kabureta zinabaki.

Tatizo la joto nitalitatua kwa bamba la kukinga joto katikati ya kabureta na bomba, lililobandikwa kitambaa kisichoshika moto.

Sehemu moja ya ndani ya injini tuliibadilisha tangu mwanzo. Injini hizi za sentimita za ujazo 1,798 zilizoea petroli yenye risasi, na ile risasi ilikuwa ikizilinda sehemu ambazo valvu hukalia. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiondoa, na ilipofika mwanzo wa 2006 Kenya nayo ilikuwa imeiacha. Ni uamuzi mwema kwa vichwa vya watoto wetu. Kwa silinda hedi ya zamani, ilibidi mafundi wa mashine wachonge na kuweka viti vya chuma kigumu chini ya valvu za ekzosi. Kazi hiyo haionekani kwa nje na hakuna atakayeisifia, na ndiyo pesa ninayoijutia kidogo kuliko zote.

Shemeji ameuliza pia kuhusu gia boksi ya gia tano. Watu huweka ya Ford Sierra. Gia yangu ya kwanza haina sinkro, lazima gari lisimame kabisa ndipo niiingize, na mkono umeshazoea. Daraja la Nyali saa moja asubuhi halina haja ya gia ya tano.

Jumanne

Masika yameingia. Mvua imenikuta katikati ya daraja, na hapo huwezi kusimama. Daraja hili la zege lilifunguliwa mwaka 1980, mwaka uleule Abingdon walipoacha kuunda MGB. Kabla yake magari yalivuka juu ya daraja lililoelea majini, la mwaka 1931. Gari langu ni kubwa kwa daraja hili kwa miaka kumi na tano, na leo yamenyeshewa pamoja.

Turubai la gari hili halikunjuki kwa kuvuta. Fremu ni vyuma vya kuunganisha, viko ndani ya buti. Unavichomeka nyuma ya viti, unatandaza turubai, unalibana kwenye kioo cha mbele, kisha unafunga vifungo pande zote. Nilipoingia uwanja wa shule kidato cha pili kizima kilitoka mbio. Hawakuuliza. Wawili walishika fremu, wengine wanne wakatandaza, mmoja akapanda kwenye ngazi ya ofisi kuelekeza. Vifungo vya nyuma havikufika: turubai la awali ni la plastiki nalo limesinyaa kwa jua la miaka. Wamelishika kwa mikono hadi kengele ilipolia.

Nimechomoa vizibo vya mpira vya sakafuni, maji yametoka. Turubai jipya nimeagiza kwa fundi wa mahema wa Bondeni, kitambaa kizito cha pamba kilichotiwa dawa ya maji, na nimemwomba aongeze upana wa vidole vitatu nyuma.

Jumamosi

Nimekwenda Ukunda kumtazama dada yangu. Kwenye kivuko cha Likoni, maji yakiwa yamekupwa, ngazi ya feri ilikuwa imeinama sana. Magurudumu ya mbele yamepanda, ya nyuma yakafuata, na sailensa ikabaki imenaswa kwenye ukingo wa chuma. Waliokuwa wakienda kwa miguu wamepita pande zote mbili za gari na wengi wametoa ushauri. Mhudumu mmoja wa feri amelala kifudifudi kwenye ngazi, akaifungua sailensa, akaifunga tena kwa waya wa kufungia mizigo, akanyanyuka na kunipa ishara nisogee.

Dada amenipokea mlangoni. "Kaka, nimekusikia tangu uko kule msikitini."

Sailensa yenyewe ni nzima, ni ya chuma kisichoshika kutu, imepata mkwaruzo tu. Kilicholala ni springi za majani za nyuma, ambazo zimechoka na zimeushusha mkia wa gari. Shemeji ana mtu Changamwe anayezikunja upya na kuongeza jani moja. Mtu huyo anafungua saa kumi na mbili, nami Jumatatu kipindi changu cha kwanza ni saa tatu, kwa hiyo nitapita kwake kwanza.